Mafuta ya Kukinga Jua na Kilichomo Ndani Yake

Ukiigeuza chupa ya mafuta ya kukinga jua ukasoma maandishi madogo ya nyuma, huenda ukalikuta jina la oksibenzoni, ambalo viwanda vingine huliandika benzofenoni-3. Hiyo ni kemikali inyonyayo miale ya jua iunguzayo ngozi ikaigeuza kuwa joto hafifu. Kazi hiyo huifanya vyema, wala hapana aliyeilaumu kwa hilo.

Lawama zilizidi ilipodhihirika kwamba haikai juu ya ngozi tu. Mwaka 2019 wataalamu wa idara ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa walitangaza uchunguzi wa watu 24, waliopakwa mafuta mara nne kwa siku kwa muda wa siku nne. Waliopakwa yenye oksibenzoni walionekana kuwa nayo damuni, kwa wastani zaidi ya mara 300 ya kile kiwango ambacho kikipitwa idara hiyo hutaka usalama wa kitu uchunguzwe zaidi. Kuonekana damuni si ushahidi wa madhara, na wataalamu wale wale walisema watu wasiache kujikinga kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulikipunguza kiasi kiruhusiwacho katika mafuta ya mwili hadi asilimia 2.2. Hawaii nayo, kwa kuyahofia matumbawe yake, imezuia tangu mwaka 2021 yasiuzwe mafuta yenye kemikali hiyo pasipo cheti cha daktari.

Basi mzazi afanyeje? Ipo oksidi ya zinki, unga mweupe utiwao pia katika mafuta ya watoto wachanga waliobabuka. Hiyo hukaa juu ya ngozi, na kiingiacho mwilini ni kidogo mno. Kasoro yake ni ule weupe unaobaki usoni, nao vijana wetu hawaupendi hata kidogo!

Lakini kwa mtoto mwenye ualbino jambo hili si la urembo. Ngozi yake imepungukiwa na rangi ya kumlinda, na saratani humjia angali kijana. Ikiwa dukani hamna ila yenye oksibenzoni, apakwe hayo hayo, na avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Madhara ya jua kwake yamethibitika. Ya oksibenzoni yangali yakichunguzwa. Apakwe robo saa kabla ya kutoka, na arudiwe kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi akitoka jasho. Mchanga wa chini ya miezi 6 yeye awekwe kivulini.