Wavu wa nailoni hauozi, lakini una gharama yake

WAVUVI wa Matema na Itungi, wilayani Kyela, hutegemea nyavu za nailoni. Uzi huo ulivumbuliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, Marekani. Soksi za kike zilizotokana nao ziligombewa madukani huko mwaka 1940.

Kwa mvuvi, faida yake ni kwamba hauozi upesi majini kama pamba. Lakini wavu ukipotea ziwani huendelea kunasa samaki wasiomfaa mtu. Ukitegwa mlangoni mwa mto, huzuia mbasa wanaopanda kutaga mayai.

Anayetaka mtaji urudi hana budi kuhesabu nyavu kila anapotoka ziwani, na kuiacha wazi milango ya mito kama Kiwira.