Kijana Asiyeitikia Amina

Mwezi huu barua moja imechukua ukurasa wetu wote, nayo imetoka kwa mwalimu akaaye Chamazi, mbele ya Mbagala. Asema kwamba kila jioni nyumbani kwake husoma Neno, kisha yeye huomba, na katika maombi huwataja wenye mamlaka, kama tulivyofundishwa sote. Lakini tangu uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 mwanawe mkubwa haitikii amina. Siku zile, watu walipouawa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, kijana wa jirani alitoka, wala hajarudi hata leo. Mwana akamwambia babaye, "Baba, wao unawaombea kila siku, na yule hujamtaja hata mara moja." Mwalimu auliza kama mwanawe ameasi.

Mwalimu mpenzi, sioni uasi hapo. Namwona mtoto asikilizaye maombi ya babaye kuliko wengi wetu tunavyosikiliza yetu wenyewe. Warumi 13 twaijua sana. Nathani kwenda kumwonyesha Daudi dhambi yake twaisoma upesi upesi.

Wazee wa Chamazi wanaokumbuka vita ya Kagera wamjua Idi Amin. Februari 1977 askari wake waliingia usiku nyumbani kwa Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, wakapekua silaha, wasione kitu. Maaskofu hawakwenda kutafuta bunduki, wala hawakunyamaza. Waliandika barua kwa Rais mwenyewe, wakaitia sahihi, wakalalamika juu ya upekuzi ule na juu ya raia waliokuwa wakiuawa. Tarehe 16 Luwum na wenzake waliitwa Kampala mbele ya askari wengi. Wenzake wakaachiliwa, yeye akabakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya motokaa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Walioiona maiti waliona matundu ya risasi. Namirembe kaburi lilikwisha chimbwa, likabaki wazi, maana maiti ilipelekwa kuzikwa kwao Mucwini. Watu wakakusanyika Jumapili, wakaimba penye kaburi tupu. Mama wa jirani yako angeyaelewa hayo kuliko mimi.

Rafiki yake Luwum, Askofu Festo Kivengere, aliyepata kuwa mwalimu hapa kwetu, Dodoma, alivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe Mera, wakaingia Rwanda. Huyu ndiye nitakaye mwanao amjue. Uhamishoni aliona moyo wake umekuwa mgumu kwa chuki. Ndipo katika ibada ya Ijumaa Kuu huko London akatambua kwamba hawezi kumtazama Yesu akiwaombea waliomsulubisha, na huku yeye akimnyima Amin msamaha. Mwaka uo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba ampenda Idi Amin. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilikasirika kulisikia jina hilo. Walakini mtu yule hakuficha hata tone moja la damu iliyomwagika. Alikwenda nchi nyingi akiyaeleza mauaji yale.

Kwetu pia, mwaka 2018, maaskofu Wakatoliki wakati wa Kwaresima, na wa KKKT kuelekea Pasaka, walitoa nyaraka juu ya hali ya nchi. Waraka wa KKKT makanisa mengine hayakuusoma, hapa Dar es Salaam pia. Siwahukumu, mchungaji naye ana watoto. Ila mtoto hutambua mkubwa anaporuka ukurasa.

Basi, usimlazimishe kijana. Jioni ya leo anza na yule wa jirani, kwa jina lake, kisha mama yake. Halafu waombee watawala. Wala usiwaombee afya na maisha marefu tu, bali waombee waseme kweli juu ya waliokufa, na kila maiti irudi kwa watu wake. Kama dirisha li wazi nawe unaogopa, omba kwa sauti ndogo, lakini usiyaache hayo. Kisha mpe mwanao zamu aombe, nawe uitikie. Kama hawezi bado kumtaja mtawala kwa wema, mngoje. Kivengere mwenyewe hakuanza siku ile alipovuka mpaka.

Na kabla ya sala, nendeni ninyi wawili kwa yule mama, mkae naye kidogo. Pengine tangu Oktoba watu wanaogopa kubisha hodi mlangoni pake. Nawe uniandikie tena.