Gorila Hupewa Jina, Korongo Hukatwa Mbawa

Wako wenzetu wasemao kwamba haifai kumlinganisha gorila wa mlimani na korongo mwenye taji, kwa kuwa mmoja ni jamaa ya binadamu na wa pili ni ndege tu. Sisi twawalinganisha kwa makusudi, maana neno hilo "tu" ndilo tunaloligombea.

Gorila wa milima ya Virunga walihesabiwa 480 mwaka 2010. Hesabu ya 2015 na 2016 ikapata 604. Mafanikio hayo hayakujileta. Askari wa hifadhi hushinda msituni, waganga wa wanyama humfuata mgonjwa mlimani, na tangu 2005 watoto wa gorila hupewa majina katika sherehe ya Kwita Izina. Hatuna kijicho.

Korongo, aitwaye umusambi kwa Kinyarwanda, naye yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hesabu ya nchi nzima ya 2017 ilipata 487, yaani wachache kuliko gorila wa Virunga! Na adui yake si jangili mwenye mkuki. Ni muungwana mwenye bustani. Kifaranga alitwaliwa kinamasini, akauzwa, akakatwa mbawa, akawekwa atembee juu ya majani yaliyofyekwa, nyumbani kwa mwenye uwezo au mbele ya hoteli, eti kwa sababu ndege huyu ni ishara ya utajiri na maisha marefu. Maisha marefu ya nani? Afungwaye hivyo ni nadra kuzaa.

Tutaambiwa kwamba gorila analeta dola, 1,500 kwa mgeni mmoja, ilhali korongo haleti kitu. La hasha! Kinamasi cha Rugezi, maskani kuu ya korongo, ndicho kinachoyalisha maji maziwa ya Burera na Ruhondo, ambayo huendesha mitambo ya umeme. Kinamasi kilipoharibiwa kwa kilimo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji yalishuka na umeme ukapungua. Aliyesoma gizani usiku huo alilipa bei ya "ndege tu".

Mganga wa wanyama Olivier Nsengimana, aliyewahi kuwatibu gorila, ndiye aliyesimamia kuwatoa korongo majumbani. Wazima walirudishwa porini Akagera. Walemavu wamo Umusambi Village, pande hizi za Kanombe. Hesabu za miaka ya karibuni zimepita 1,000, na twafurahi. Lakini wale wa Kanombe hawataruka tena.

Ndugu walimu, wanafunzi wetu hupelekwa kuwatazama, wakarudi na insha isemayo kwamba ndege wale wanapendeza. Insha hiyo tusiipe alama. Mwanafunzi aulizwe mbona ndege mwenye mabawa mapana vile anatembea kwa miguu, na ni nani aliyeshika mkasi.