Mlango wa Mchujo Ufunguliwe

Katika maeneobunge mengi ya nchi yetu ya Kenya, mbunge hapatikani siku ya Uchaguzi Mkuu. Hupatikana miezi kadhaa kabla, katika kura za mchujo za chama chenye nguvu mahali pale. Aliyetwaa tiketi ya chama hicho hulala akiwa mheshimiwa. Agosti huwa ya kuthibitisha tu. Basi asiyeandikwa katika daftari la chama hicho hana kura yenye uzito, ingawa ni mpigakura halali na hulipa kodi kama wenzake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1988 wanachama wa KANU peke yao walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Asiye na kadi alinyimwa hata ile kura ya siri iliyosalia. Maaskofu Wakatoliki na NCCK walikuwa wameonya tangu 1986; utaratibu huo haukufutwa hadi 1990.

Wako wasemao kwamba chama ni nyumba ya wanachama, na mgeni hamchagui mwenye nyumba. Hoja hiyo hatuidharau. Mahakama ya Juu ya Marekani iliizingatia mwaka 2000 ilipofuta mchujo wa California, ambamo mpigakura aliweza kuruka toka chama hiki hadi kile kwa kila cheo. Lakini nyumba hii yajengwa kwa fedha za nani? Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 yatenga kwa ajili ya vyama angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, nayo ni jasho la wote. Tena wanachama hao ni akina nani? Mwaka 2021 Wakenya wengi walikuta majina yao katika madaftari ya vyama ambavyo hawakujiunga navyo kamwe!

Yahofiwa pia kwamba wapinzani watakuja kumchagua mgombea dhaifu makusudi. Dawa ipo: vyama vyote vifanye mchujo siku moja chini ya IEBC, kila mpigakura achague chama kimoja tu, na kidole chake kitiwe wino.

Katekista au mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo asiyependa kuligawa kundi lake kwa kadi ya chama, leo hana budi kujiandikisha au kunyamaza. Mbunge akija parokiani, aulizwe mbele ya watu: muswada wa kufungua mchujo ataupeleka Bungeni lini?