Kipaji cha Binti, Madeni ya Baba

Asafiriye baina ya Mtwapa na Kilifi hupita Vipingo, mahali palipojulikana na wazee wetu kwa mashamba ya katani, na ambapo siku hizi pana kiwanja cha gofu kiitwacho Vipingo Ridge. Desemba 2019 wanawake wanaocheza gofu kwa malipo katika mfululizo wa mashindano ya Ulaya walifika hapo kushindana, na aliyewapiku wenziwe akawa binti wa Kijerumani, Esther Henseleit. Miaka iliyofuata mashindano hayo yalirudi tena. Tangu hapo, miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wazazi limezidi kuingia hili: binti yangu ana kipaji cha mchezo; je, hiyo ni kazi ya kutegemewa? Wengine huongeza, kwa sauti ya chini kidogo: akifanikiwa, sisi tuliomlea tuna fungu gani? Suala la mavazi na la mchanganyiko wa viwanjani tulikwisha kuliandika katika ukurasa huu, wala hatulirudii. Leo tunataka kusimulia maisha ya binti mmoja wa Korea Kusini, kwa sababu maswali yote mawili yamo ndani yake.

Jina lake ni Pak Se-ri. Pak ndilo jina la ukoo, na Wakorea hulitanguliza. Alizaliwa mwaka 1977 katika mji wa Daejeon. Shuleni alikuwa mwanariadha, akiruka viunzi na kutupa tufe, na huenda angebakia huko lau si babake, Pak Joon-chul, mpenzi mkubwa wa gofu, aliyemtia fimbo mkononi na kuwa mwalimu wake wa kwanza. Hakuwa mwalimu mpole. Inasimuliwa kwamba alimpandisha bintiye ngazi za jengo la ghorofa kumi na tano na kumshusha, mara nyingine kinyumenyume, na kwamba alimpeleka makaburini usiku ili aizoee hofu. Habari za makaburini aghalabu hutiwa chumvi, na sisi watu wa pwani twalijua hilo kuliko wengi. Lakini hakuna anayekanusha kwamba mazoezi yalikuwa makali, alfajiri hadi usiku, na kwamba yalizaa matunda mapema: akiwa bado mwanafunzi, mchezaji wa ridhaa asiyepokea hata senti, alikuwa akiwashinda wanawake waliokuwa wakila kwa mchezo huo.

Mwaka 1996 naye akawa mchezaji wa kulipwa. Kampuni ya Samsung ilimdhamini, akahamia Florida, Marekani, akafunzwa na mwalimu mashuhuri David Leadbetter. Mwishoni mwa 1997 alifanya mtihani wa kuingia katika chama cha wanawake wachezao kwa malipo huko Marekani, LPGA. Mtihani huo si wa kalamu. Ni wa kucheza siku kadhaa mfululizo, na wachache tu hupata nafasi. Yeye alitoka wa kwanza, sawia na mwenziwe mmoja.

Hapa yafaa tuwafahamishe wazazi jambo ambalo televisheni haionyeshi. Mchezaji wa gofu wa kulipwa hana mshahara. Nauli ni yake, chumba cha hoteli ni chake, na anayembebea mfuko wa fimbo hulipwa naye. Mashindano huchezwa siku tatu au nne, na aghalabu baada ya siku mbili za kwanza hufanywa mchujo: walio nyuma hufunga mizigo yao na kuondoka bila ya kitu. Mtu aweza kusafiri wiki baada ya wiki, akacheza vizuri kuliko watu wote tunaowajua sisi na nyinyi, na mwisho wa mwezi akawa anadaiwa. Kwa hiyo anayeuliza kama ni kazi ya kutegemewa, jawabu letu ni kwamba yafanana zaidi na uvuvi wa bahari kuu kuliko kazi ya ofisini, na chombo ni cha kukodi.

Turudi kwa Se-ri. Mwaka alioanza kucheza Marekani, 1998, ulikuwa mwaka mzito kwao. Novemba 1997 Korea Kusini ililazimika kuomba mkopo mkubwa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Makampuni yalianguka, watu wakapoteza kazi, na wananchi wakapanga foleni kutoa pete na mikufu yao ya dhahabu ili kuisaidia nchi kulipa deni. Mwezi wa Mei Se-ri alishinda mashindano makuu ya LPGA huko Delaware, naye ni msichana wa miaka 20. Mwezi wa Julai akaingia katika mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani, katika kiwanja cha Blackwolf Run, mjini Kohler, jimbo la Wisconsin.

Baada ya siku nne na mashimo 72 alikuwa sawasawa na msichana mwingine wa umri uo huo, Jenny Chuasiriporn, mchezaji wa ridhaa, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye asili ya Thailand. Jumatatu yake wakacheza mashimo mengine 18 ili apatikane mshindi. Korea ilikuwa usiku, na watu hawakulala. Wakafika shimo la mwisho bado wako sawa. Mpira wa Se-ri ukaenda kushoto, ukasimama majanini kwenye mteremko wa ukingo wa bwawa, juu kidogo tu ya maji. Kanuni zilimruhusu auondoe kwa kukubali adhabu ya mkwaju mmoja. Alisimama, akautazama, akainama akavua viatu na soksi, akaingia majini. Miguu yake ilikuwa imebabuka kwa jua hadi kwenye vifundo, na chini ya hapo ilikuwa myeupe kama karatasi, kwa kuwa haikuwahi kutoka katika soksi. Wakorea wengi wanasema ni weupe ule uliowaliza, si mpira. Akaupiga, ukarudi salama penye majani mafupi. Jenny naye akakosa nafasi ya kummaliza pale pale, wote wawili wakatoka na mikwaju 73. Wakaendelea shimo moja moja, na katika shimo la pili la nyongeza Se-ri akautia mpira shimoni, akashinda. Jumla ni mashimo 92.

Serikali ya nchi yake iliitumia picha ya binti aliyesimama majini katika matangazo ya kuwatia wananchi moyo. Mcheza kwao hutunzwa, wasema wahenga; huyu alicheza kwa watu akatunzwa kwao. Lakini kutunzwa nako kuna uzito wake. Alishinda mara nne katika mwaka ule mmoja, na aliporudi nyumbani mwishoni mwa mwaka, baada ya mapokezi na hafla zisizokwisha, mwili ulikataa akalazwa hospitalini kwa uchovu. Wapiga picha walimfuata hadi kitandani. Tunaliona jambo hilo kuwa la aibu hata leo, ingawa hatuna hakika kama sisi tungefanya vingine, maana hata kwetu mtoto akisifiwa msikitini au shuleni hatumwachi akapumua mpaka kila shangazi amshike mkono.

Miaka iliyofuata tutaipitia upesi. Ushindi wake katika LPGA ulifika 25, na mitano kati ya hiyo ni ya mashindano makuu. Mwaka 2007, akiwa na miaka 30, aliingizwa katika orodha ya heshima ya mabingwa wa gofu wa dunia. Katikati ya hayo palikuwa na shimo ambalo si la gofu: mwaka 2004 na 2005 mchezo ulimtoka kabisa. Fimbo zilikuwa zile zile na mikono ile ile, mpira haukwenda. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alijua kufanya mazoezi lakini hakujua kupumzika; hilo hakuna aliyemfundisha. Alirudi mwaka 2006 kwa mkwaju mmoja wa mbali uliosimama inchi chache kutoka shimoni, akamshinda Karrie Webb wa Australia. Aliacha kucheza mwaka 2016.

Nyuma yake kumekuja kizazi kizima. Alipoanza, alikuwa karibu peke yake miongoni mwa Wakorea katika mashindano yale. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya 40. Mmoja wao, Inbee Park, alikuwa msichana wa miaka tisa aliyeyatazama mashindano ya Wisconsin katika televisheni, na siku chache baadaye akaanza kujifunza gofu. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, Inbee alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki, na kocha wa timu yao alikuwa Se-ri.

Tungeishia hapa, ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasomea watoto. Lakini sisi tunawaandikia wazazi.

Juni 2024 Pak Se-ri alikutana na waandishi wa habari mjini Seoul. Taasisi ya hisani yenye jina lake ilikuwa imemshitaki babake kwa polisi mwaka uliotangulia, ikimtuhumu kwamba alighushi muhuri wa taasisi katika nyaraka za mradi wa utalii ambao taasisi haikuhusika nao. Se-ri alieleza kwamba kwa miaka mingi amekuwa akilipa madeni ya babake. Likilipwa moja, huchomoza jingine. Na sasa amefika mahali ambapo hawezi tena kuyabeba. Alijitahidi kusema kwa utulivu. Mwandishi mmoja aliyemjua tangu zamani alipomuuliza kama hili halikuweza kuzuiwa mapema, alinyamaza kitambo kirefu, kisha akalia.

Naye mzee alipoulizwa na waandishi alijitetea kwamba alidhani, kwa kuwa yeye ni baba, angeweza kujitokeza na kufanya vile.

Hatuandiki ili kumhukumu mzee yule. Kwao kuna mahakama. Tena tukumbuke kwamba bila ya yeye hapangekuwa na Wisconsin. Alimwona bintiye kabla ya ulimwengu kumwona, na hilo halifutiki. Lakini maneno yale, kwa kuwa ni baba, tumeyasikia mara nyingi mno katika vikao vya suluhu huku kwetu, na si kwa habari ya gofu. Tumeyasikia kwa mshahara wa binti aliyekwenda kufanya kazi Ghuba, kwa kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la kaka, kwa mahari iliyokwisha kabla ya arusi. Wako watakaotukumbusha mafundisho yanayompa baba fungu katika mali ya mwanawe. Yapo kweli, na wanazuoni wengi wameyafasiri kwa maana ya haja: mzazi mhitaji haachwi na njaa ilhali mwanawe ana uwezo. Hawakuyafasiri kwa maana kwamba mtoto mzima hana sahihi yake.

Kwa hiyo mzazi atuulizaye ana fungu gani, twamwambia: una haki ya kutunzwa, na kutunzwa si kumiliki. Tunapendelea jambo hili lizungumzwe mapema, kabla fedha haijaingia nyumbani, kwa sababu ikishaingia kila neno huonekana tamaa. Mkataba wowote wa mchezo usomwe na wakili, na kama binti hajatimiza miaka 18, aelezwe kilichomo hata kama mwenye kutia sahihi ni mzazi. Pato lake liwekwe katika akaunti yenye jina lake. Akitaka kukujengea nyumba, akujengee kwa kuwa ametaka. Na kuna siku, hakuna ajuaye itakuwa lini, ambapo yule aliyemfundisha kushika fimbo hana budi kurudi kuketi miongoni mwa watazamaji. Baba wengi huipitisha siku hiyo bila ya kuiona. Mama pia, tusije tukaambiwa tunawapendelea.

Nafasi imebaki kidogo, na hatupendi kumwacha njiani yule msichana wa pili. Jenny Chuasiriporn alikuwa binti wa wenye mkahawa wa Kithai mjini Baltimore, na aliyembebea fimbo siku ile alikuwa kaka yake. Alikuwa umbali wa mkwaju mmoja kutoka ubingwa. Alipomaliza chuo akawa mchezaji wa kulipwa, akahangaika miaka michache katika mashindano madogo, na nafasi ya kudumu miongoni mwa wakubwa hakuipata. Akaziweka fimbo, akasomea uuguzi, na hospitalini ndiko alikopata kazi yake.