Aliyeumia uti wa mgongo na sindano ya homoni

Msimu wa maembe ukifika Tabora, watoto hawakai chini. Miembe mikubwa ya mjini, ambayo wazee huihusisha na enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ni mirefu kuliko nyumba, na kila mtoto anajua embe tamu liko juu kabisa. Huko Sikonge na Urambo, kina baba nao hupanda miti kurina asali. Watafiti wa Moshi walipochunguza majeruhi wa uti wa mgongo kaskazini mashariki mwa nchi, waliona kuanguka kutoka juu ndiko kunakoongoza, ajali za barabarani zikifuata.

(Mtu akianguka hivyo, asibebwe kwa kushikwa mikono na miguu, wala asipakiwe bodaboda katikati ya watu wawili. Alazwe juu ya ubao, kichwa na shingo vikishikiliwa visiyumbe.)

Kuna familia ambazo hayo yameshapita. Kijana amerudi kutoka hospitali, miguu haina nguvu wala hisia, mapaja yanakonda mwezi hadi mwezi. Shangazi amesikia kuna homoni inayorudisha misuli. Je, ng'ombe auzwe?

Homoni hiyo ipo kweli. Uti wa mgongo ukiharibika, misuli iliyo chini ya jeraha haipati tena amri ya ubongo. Ndani ya wiki chache huanza kusinyaa, na mafuta huchukua nafasi yake. Mifupa ya miguu nayo hupoteza uimara. Isitoshe, wanaume wengi walioumia hivyo hupungukiwa testosteroni, homoni ya kiume ambayo pamoja na kazi nyingine hujenga misuli.

Jaribio moja linalofaa kujulikana lilifanyika Richmond, Marekani, katika hospitali ya wanajeshi wa zamani. Dk Ashraf Gorgey na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2019. Wanaume 22 waliopooza walibandikwa plasta za testosteroni kwa wiki 16, kwa dozi ndogo. Nusu yao waliongezewa mazoezi mara mbili kwa wiki: umeme mdogo hupitishwa juu ya ngozi ya paja, msuli unajikaza, goti linanyooka, na kifundoni umefungwa uzito unaoongezwa kidogo kidogo. Waliopata vyote viwili, misuli ya mapaja ilijaa. Waliopata plasta peke yake walibaki karibu palepale.

Kutembea hakukuwa sehemu ya jaribio hilo. Anayeuza sindano kwa ahadi kwamba mtoto atasimama anauza kitu ambacho hata wenye maabara hawakukipata.

Na homoni hii ina gharama isiyotajwa dukani. Ikitoka nje, korodani hupunguza kazi yake na mbegu za kiume hupungua, wakati mwingine zikatoweka kwa muda mrefu. Kwa kijana wa miaka 20 ambaye mama yake bado anasubiri wajukuu, hilo si jambo dogo. Damu inaweza kuwa nzito. Kwa mvulana ambaye hajamaliza kukua, inaweza kufunga mifupa mapema akabaki mfupi. Haifai kuanzwa bila kipimo cha damu kinachochukuliwa asubuhi na kurudiwa siku nyingine, na bila daktari wa kumfuatilia. Kama kiwango chake ni cha kawaida, ng'ombe abaki zizini.

Mashine ya umeme ni adimu kwetu, lakini mazoezi si mashine tu. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha kaka au mama kunyoosha viungo vya miguu kila siku visikakamae, na kumfundisha kijana mwenyewe kujenga mabega na mikono, maana ndiyo itakayomhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Miguu ishikwe taratibu. Mfupa uliodhoofu huvunjika bila mgonjwa kusikia maumivu. Dagaa, maharage na karanga navyo vina kazi hapa, kwani msuli haujengwi kwa ugali mtupu.

Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na ngozi ya makalio na visigino ikaguliwe kila siku. Kidonda cha kulalia husimamisha mazoezi yote kwa miezi, na kinaweza kuua.

Kama jeraha liko juu, usawa wa kifua au shingoni, kuna dalili moja ya kukariri nyumbani: kichwa kinagonga ghafla, uso unatoka jasho, shinikizo la damu linapanda. Mwinueni akae, mlegeze nguo, mwangalie kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Isipotulia mara moja, hospitali, hata kama ni usiku.