Heshima Isingoje Jeneza

Ndugu msomaji, katika misiba yetu kuna wakati ambao wengi tumeuzoea, nao ni wa kusoma wasifu wa marehemu. Hapo ndipo tunapofahamu kwamba yule mzee aliyekuwa akikaa benchi la nyuma kanisani ndiye aliyeanzisha kwaya ya parokia, ndiye aliyefundisha noti kwa kuchora mistari mitano kwenye ubao, ndiye aliyetunga ule wimbo wa matoleo ambao sote tunauimba bila kujua umetoka wapi. Watu hutikisa vichwa, wengine hulia. Maneno yanayosemwa huwa mazuri, na mara nyingi ni ya kweli. Yana kasoro moja tu: mhusika hayasikii.

Nimekuwa nikilitafakari jambo hili kwa sababu ya albamu moja ya zamani ya muziki wa country kutoka Marekani. Wengi wetu muziki huo tuliujua kupitia kwa Jim Reeves, ambaye sauti yake ilisikika redioni Kenya na Tanzania kwa miaka mingi. Albamu ninayoizungumzia si yake. Ni ya ndugu wawili, Ira na Charlie Louvin, na ilitolewa na kampuni ya Capitol mwaka 1960. Inaitwa Tribute to the Delmore Brothers. Kazi nzima, nyimbo 12, ni ya kuwaenzi ndugu wengine wawili waliowatangulia katika uimbaji.

Ninaamini albamu hii inatufundisha heshima ni nini. Ninaamini pia kwamba maisha ya waliyoirekodi yanatuonya kuhusu heshima ambayo ni rahisi kuisahau, ile anayostahili mtu aliyesimama bega kwa bega nawe.

Tuanze na wanaoenziwa. Alton Delmore alizaliwa mwaka 1908, na mdogo wake Rabon mwaka 1916, kaskazini mwa jimbo la Alabama, katika familia ya wakulima maskini. Alton alipiga gitaa la kawaida, Rabon alipiga gitaa dogo la nyuzi nne. Kuanzia mwaka 1933 walisikika katika Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Jumamosi usiku kutoka Nashville. Kabla ya maikrofoni, mwimbaji wa vijijini alilazimika kupaza sauti ili asikike ukumbi mzima. Ndugu Delmore walielewa mapema kwamba maikrofoni imebadili mambo. Waliimba kwa upole, karibu kama wanaonong'ona, sauti mbili zikikaribiana mno hata msikilizaji asijue moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Walichota pia kutoka katika blues, muziki wa Wamarekani weusi, na mwaka 1949 wimbo wao Blues Stay Away from Me ulivuma sana. Lakini Rabon alifariki mwezi Desemba 1952 kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 36. Alton akabaki peke yake.

Sasa tuwatazame walioenzi. Ira alizaliwa mwaka 1924 na Charlie mwaka 1927. Jina la ukoo wao lilikuwa Loudermilk. Louvin ni jina walilojichagulia. Nao walikulia kaskazini mwa Alabama, katika eneo la Sand Mountain, wakilima pamba. Walikuwa Wabatisti, na katika jamii yao kulikuwa na uimbaji wa Sacred Harp: waimbaji hukaa katika mraba wakitazamana, kila sauti upande wake, na noti za kitabu zimeandikwa kwa maumbo tofauti ili hata asiye na elimu ya muziki aweze kuzisoma. Humo ndimo masikio yao yalimonolewa. Redioni walikuwa wakiwasikiliza ndugu Delmore, vijana wa jimbo lao wenyewe, watoto wa wakulima kama wao. Mtoto maskini akimsikia wa kwao akiimba redioni, anajua kwamba njia ipo.

Kwa hiyo mwaka 1960, walipokuwa wenyewe ni mabingwa, waliamua kulipa deni. Ninaona mambo matatu katika namna walivyolilipa.

La kwanza, walitaja jina. Hawakuzichukua nyimbo za Delmore na kuzichomeka katikati ya nyimbo zao ili wasiojua wadhani ni zao. Jina la waalimu wao liliandikwa kwenye jalada, mahali ambapo mnunuzi angeliona kabla ya kusikia noti hata moja.

La pili, hawakuiga. Louvin hawakuwa na sauti ya kunong'ona. Sauti ya Ira ilikuwa ya juu, kali, yenye kupenya. Charlie alishika sauti ya kwanza kwa uthabiti, na pale wimbo ulipopanda mno, Ira aliupokea naye Charlie akashuka chini yake, bila hata kupeana ishara. Nyimbo za Delmore walizipitisha katika sauti hizo hizo, na katika mandolini ya Ira. Mwanafunzi anayemheshimu mwalimu hajifanyi kuwa mwalimu. Anaonyesha kwamba alichofundishwa kimeota mizizi ndani yake na kuzaa tunda lake mwenyewe.

La tatu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, Alton alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1964. Kwa Rabon maua yalichelewa miaka minane, lakini kaka yake alikuwa bado na masikio. Alikuwa akiishi Huntsville, Alabama, mbali na umaarufu aliokuwa nao zamani. Aliandika habari za maisha yake, lakini kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1977, miaka 13 baada ya kifo chake. Kitabu hakukiona. Albamu ilitoka akiwa hai.

Najua wapo watakaosema kwamba albamu za namna hii ni biashara tu, kwamba mwanamuziki aliyeishiwa nyimbo hukimbilia za wenzake. Inawezekana kwa baadhi. Lakini mwaka 1960 muziki wa rock ulikuwa umekwisha kuwateka vijana wa Marekani. Mtu anayetafuta pesa za haraka hachimbui nyimbo za miaka ya 1930 za waimbaji ambao mmoja amekufa na mwingine amesahauliwa.

Wengine watakumbusha methali yetu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Yaani ukimsifu mtu angali hai, atalewa sifa na kuharibu kazi. Methali hiyo ina hekima yake, hasa kwa kijana ambaye bado anajengwa. Lakini tumeitumia vibaya. Tumeifanya kisingizio cha ubahili wa moyo. Mzee aliyekwisha kugema miaka 40 hana tembo la kutia maji tena. Anachohitaji ni kujua kama kuna aliyekata kiu. Tena kumshukuru mtu si kumpamba. Anayepamba husema zaidi ya ukweli kwa kuwa anatafuta kitu. Anayeshukuru husema ukweli tu, na hatafuti kitu.

Hadi hapa habari ni tamu. Lakini nisingekuwa mwaminifu kwako, ndugu msomaji, kama ningeishia hapa.

Watu hawa wawili, walioimba kana kwamba wana pafu moja, hawakuweza kuishi pamoja. Ira alikuwa mlevi mwenye hasira. Ilijulikana kwamba mandolini isipokaa sawa sauti zake, aliweza kuivunjavunja. Charlie, katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2012, anasimulia juu ya baba mkali aliyempiga Ira vibaya utotoni, na juu ya kaka aliyejiona ameitwa kuhubiri lakini akawa anaukimbia wito huo. Waliimba nyimbo za injili kwa sauti inayosisimua, kisha nyuma ya jukwaa wakagombana. Mwaka 1963 Charlie alichoka, wakatengana. Mwezi Juni 1965 Ira alikufa katika ajali ya gari huko Missouri, pamoja na mkewe. Alikuwa na umri wa miaka 41. Ni miaka mitano tu tangu albamu ile itoke.

Simtaji Ira ili tumhukumu. Mtoto aliyepigwa hubeba majeraha ambayo msikilizaji wa santuri hayaoni, na Mungu peke yake ndiye ajuaye alivyopambana nayo. Namtaja kwa sababu ninamwona akifanana nasi. Ni rahisi kumheshimu aliye mbali. Mwimbaji wa redioni hakukukoromea asubuhi, hakukukatiza ukizungumza, hakulala chumba kimoja nawe. Ndugu yako amefanya yote hayo. Zaburi inayosifu uzuri wa ndugu kukaa pamoja kwa umoja tunaiimba vizuri sana, pengine kwa sauti nne, kisha tunatoka kanisani bila kusalimiana na mwenzetu wa sauti ya tatu kwa sababu ya ugomvi wa wiki iliyopita.

Aliyewahi kuimba kwaya anajua kwamba sauti ya pili haifundishwi kwa noti peke yake. Inafundishwa kwa kumsikiliza jirani. Ukiimba kwa nguvu mno humsikii, na usipomsikia utamtupa nje au utatupwa wewe. Charlie na Ira walikuwa na masikio hayo kuliko karibu watu wote wa zama zao. Huzuni yao ni kwamba masikio hayo yalifanya kazi wakati wa wimbo tu. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, kwa maana watapatana. Lakini wakati mwingine mauti hufika kabla ya jembe kurudi nyumbani.

Mwaka 2001 ndugu Delmore na ndugu Louvin waliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa country huko Nashville, wote mwaka ule ule. Ni jambo jema, na walistahili. Lakini hesabu wanne hao: Rabon alikuwa amekufa miaka 49 iliyopita, Alton 37, Ira 36. Aliyebaki kuisikia heshima hiyo ni Charlie peke yake. Taasisi zina desturi ya kuchelewa, nasi hatuna sababu ya kungoja taasisi.

Basi, nini kifanyike? Napendekeza mambo madogo tu. Kwaya zetu zina watunzi walio hai. Wengine wanaishi parokia ya jirani, wamestaafu ualimu, wanalima mahindi. Nyimbo zao tunazo kwenye makaratasi ambayo pale juu pameandikwa kwamba mtunzi hajulikani, wakati kumtafuta ni suala la simu mbili. Tuwatafute. Jina liandikwe kwenye karatasi, litajwe kabla ya wimbo. Sherehe ya somo wa kwaya isipite bila kumwalika mzee mmoja, akaketi mbele, akaimbiwa nyimbo zake na vijana wanaoziimba kwa namna yao. Wala tusingoje afe ndipo tuchangishane pesa za fulana zenye picha yake.

Na aliyeko seminarini au katika jumuiya yoyote, amtazame yule anayesimama kulia kwake na kushoto kwake wakati wa Masifu. Kuna neno la shukrani ambalo hajawahi kumwambia, na huenda kuna neno la msamaha pia. Hilo halihitaji albamu.

Charlie aliendelea kuimba peke yake hadi uzeeni. Alifariki mwezi Januari 2011. Zamani yeye na kaka yake walizoea kutumia maikrofoni moja, wakisogea kila mara ili kupishana. Miaka mingi baada ya Ira kufa, Charlie alieleza kwamba ikifika sehemu ya kuimba kwa sauti mbili, bado alijikuta akisogea pembeni na kumwachia kaka yake nafasi. Mwili ulikumbuka adabu ya kumpisha ndugu, ila ndugu mwenyewe hakuwepo tena.

Wako bado yupo. Mpishe leo.